Barre wa Al-Quds

Garissa, 9 Februari 1966
Kwa mkono wa Mzee Nuh

Ndugu yangu Guleid,

Assalamu alaykum. Sisi huku tu wazima, Alhamdulillahi, isipokuwa magoti ya Hooyo mama yetu, na mimi jino moja linanisumbua upande wa kushoto. Hooyo anasema jino hilo ni malipo ya ulimi wangu. Kazi yangu hospitalini ni ileile: nafagia wadi ya akina mama, namshikia mkunga taa, na siku hizi naandika majina ya watoto wachanga kwa sababu karani anaona haya kuingia. Mvua bado. Rukiyo jirani anakusalimu na anauliza kama huko Al-Quds kuna wasichana, na kama wapo, unangoja nini.

Mzee Nuh anakwenda Hija mwaka huu. Barua hii ataitia posta akifika Jidda, ndiyo maana naandika wazi. Zile zinazopita posta ya hapa zinafunguliwa na serikali, sote tunajua. Ukishaisoma hii, ichome.

Barre hayupo. Mwezi wa Desemba lori lilishambuliwa njia ya Liboi, na baada yake askari wakaja wakachukua mifugo yote ya upande ule, yetu ikiwemo. Hakubaki ngamia, hakubaki mbuzi. Barre alikwenda kudai, akarudi mdomo umepasuka. Kisha asubuhi moja tukaamka mkeka wake uko mtupu. Yuko msituni na wale wenye bunduki wanaopigana na serikali. Ni mdogo wetu, Guleid, hata ndevu hazijamkaa vizuri.

Sasa sikiliza nilichofanya. Hooyo aliniuliza, "Barre yuko wapi?" Nilikuwa nakanda unga, na ulimi ukajibu wenyewe: "Amekwenda kwa Guleid." Akasema, "Kwa Guleid ni kuzuri." Usiku huo alilala. Alikuwa hajalala tangu mifugo ichukuliwe.

Mimi nikimtazama Hooyo machoni siwezi kumdanganya mara ya pili, uso wangu unajulikana. Lakini nikishika karatasi naweza kusoma chochote kilichoandikwa. Na siwezi kusoma kisichoandikwa, maana amewauzia maafisa maziwa tangu sisi wadogo, Kiswahili anakisikia kunishinda, nikibuni atajua, na Rukiyo naye hukaa pembeni masikio wazi. Kwa hiyo nakuomba, mtie Barre katika barua zako. Mpe kazi, mpe chakula, mpe pa kulala. Wakifungua posta nao wataona kijana wetu yuko mbali na mambo haya. Ila hasa ni kwa ajili ya Hooyo. Akijua mtoto wake yuko wapi kweli, hatauona msimu wa mvua.

Dada yako,
Batula


Al-Quds, 3 Mei 1966

Kwa Hooyo mpenzi na dada yangu, Abaayo Batula,

Assalamu alaykum warahmatullahi. Namwomba Mungu ayaponye magoti ya Hooyo, na jino la Batula ling'olewe upesi kabla hajaitukana hospitali nzima. Baridi imekwisha huku. Bado nakaa mtaa wa Waafrika karibu na mlango wa Msikiti wa Aqsa, chumba kilekile, ila sasa tumekuwa wawili.

Ndiyo, Barre amefika. Alipanda meli Mombasa kama nilivyofanya mimi, akashuka Aqaba. Amekonda kidogo, lakini hana ugonjwa. Siku ya kwanza alilala mpaka adhuhuri. Alipoamka akaniuliza, "Hapa mtu anafanya nini?" Nikamchukua kazini.

Hooyo, kazi yangu sijawahi kukueleza vizuri kwa kuogopa utanicheka. Wakristo wanatoka Ulaya na Amerika kuja kuona alipopita Nabii Isa, na pale wafuasi wake wa kwanza walipojificha, walipozikwa, walipojenga makanisa ambayo leo ni nguzo zilizolala chini na sakafu za vijiwe vya rangi. Hawana muda. Wanataka kuona yote kwa siku moja na kurudi hotelini kabla ya chakula cha jioni. Basi asubuhi tunawapakia: Betlehemu, kaburi la Lazaro, Yeriko, mto Yordani, na kurudi. Mimi natangulia nikieleza, Barre anashika nyuma. Wageni wakifika mahali papya ni kama mbuzi, kila mmoja anaona kichaka chake. Nilipokuwa peke yangu nilikuwa naacha mtu makaburini halafu tunarudi kumtafuta. Tangu Barre aje hajapotea hata mmoja. Hawahesabu, maana kuhesabu watu hataki. Anawatupia jicho tu na kujua nani bado.

Kanisa la Betlehemu lina mlango mfupi, lazima uiname. Wanasema ulizibwa zamani ili watu wasiingie na farasi. Barre na urefu wake aligonga paji la uso mpaka sauti ikasikika ndani. Bibi mmoja Mjerumani akamwekea kitambaa cha maji, huku akimpigia makelele kwa Kijerumani. Siku hizi Barre anaanza kuinama akiwa bado yuko kwenye basi.

Anawasalimu sana. Anasema Hooyo ale vizuri.

Mwanao na ndugu yako,
Guleid


Garissa, 19 Julai 1966

Walaalo Guleid,

Ndugu yangu, salamu nyingi kutoka kwetu. Jino limeng'olewa. Mkunga ndiye aliyeling'oa, tusiulizane alijifunzia wapi.

Tumehamishwa. Sasa tunakaa ndani ya kijiji cha serikali, kimezungushwa ua wa miba, na kutoka ni kwa kibali. Mimi nina kibali cha hospitali na Rukiyo ana cha kuni. Wametuambia ni kwa usalama wetu. Hooyo anasema hajawahi kuwa na majirani wengi hivi, na hakujua watu wanakoroma kiasi hiki.

Barua yako imesomwa mpaka karatasi imelegea. Mara ya kwanza tulikuwa watatu. Mara ya pili nyumba ilijaa, wengine wamesimama nje. Wanataka ule mlango mfupi tu. Nikifika pale Barre anapogonga paji, wanawake wanajipigapiga magotini kwa kucheka, na Hooyo anasema, "Tangu mtoto hatazami mbele yake," na kufuta macho. Rukiyo anataka kujua yule bibi Mjerumani ana umri gani.

Askari mmoja alikuja kuandika wanaume wa kila nyumba. Akauliza wa kwetu. Nikamwonyesha barua yako. Akaisoma yote akiwa amesimama, akasema, "Huyu ana bahati," akaenda nyumba ya pili.

Hooyo anauliza: Barre anaswali na jamaa? Anakula nini? Hao Wakristo wanamheshimu? Analala na blanketi? Tafadhali jibu yote, na usifupishe. Ukifupisha, mimi ndiye ninayepata taabu, maana wananiambia nimeruka.

Batula


Al-Quds, 5 Septemba 1966

Kwa Hooyo na Abaayo Batula,

Assalamu alaykum. Nimefurahi kuhusu jino. Nayajibu yote. Barre anaswali na jamaa, Ijumaa tunaingia Aqsa mapema apate nafasi karibu na nguzo. Anakula mkate, dengu, zeituni ambazo mwanzoni alizitema, na nyama siku ya Ijumaa. Blanketi analo, tena ndilo zuri, mimi nimebaki na lile la zamani. Wageni wanampenda. Hawezi lugha zao, kwa hiyo hawezi kuwachosha kama mimi.

Wiki iliyopita tuliwapeleka wageni kwenye kanisa kuu la hapa mjini, lile ambalo mlango wake hufunguliwa na Mwislamu tangu enzi na enzi, kwa sababu Wakristo wenyewe hawakuelewana nani ashike ufunguo. Kuna ngazi za kushukia chini, na ukutani mahujaji wa kale wamechonga misalaba midogo midogo, ukuta mzima. Barre alisimama pale, akapitisha kidole juu yake, akaniuliza, "Hawa ni ukoo gani?" Alidhani ni chapa za ngamia. Nikawatafsiria wageni, na Mfaransa mmoja akasema hayo ndiyo maelezo bora aliyoyasikia tangu afike. Mimi nimesoma vitabu miaka minane, lakini haya, Barre ndiye mwenye sifa.

Juzi tulikuwa Yeriko. Kuna nyumba ya watawa ya kale sana imeshikamana na jabali, wanasema huko ndiko Nabii Isa alikofunga siku arubaini. Wenye miguu mizuri wanapanda kuiona. Waliobaki chini, kuna Mbedui huwakodisha ngamia wapigwe picha. Mmarekani mmoja mnene aliogopa, akasema hatapanda mpaka aone mtu mwingine amepanda kwanza. Basi Barre akapanda. Ngamia akainuka naye, wakamzungusha uwanjani, watu wakapiga makofi, na Barre huko juu anacheka kwa sauti. Natamani mngemwona.

Jioni tukirudi wageni husinzia. Barabara ni ya kupinda sana, na jua linaingia upande wa kiti chake. Nimezoea kuwa naye.

Guleid


Garissa, 29 Oktoba 1966

Guleid,

Assalamu alaykum. Tu wazima wa mwili.

Umekaa huko mpaka umesahau wewe ni mtoto wa nani? Kwetu nani hupandishwa juu ya ngamia? Ngamia hubeba nyumba, hubeba maji, hubeba mtoto asiyeweza mwendo. Mwanamume mzima akiwekwa juu yake, ni mgonjwa ambaye miguu imemwisha, au ni maiti. Nilifika pale "Barre akapanda" na mdomo ulikuwa umekwisha kulisema. Nyumba ilikuwa imejaa, watu wametega masikio tayari kucheka. Hakuna aliyecheka. Nikasoma mpaka mwisho kwa sababu sikujua la kufanya, na yale makofi na kicheko ulichokiandika vikasikika vibaya mno. Wakatoka mmoja mmoja bila kuniaga.

Hooyo aliomba maji akatawadha, na haukuwa wakati wa swala.

Tangu siku hiyo anakula tonge moja au mbili kisha anasukuma sahani. Haniambii nisome. Anakaa na Rukiyo mlangoni wakinong'ona, nikifika wanazungumza habari za kuni. Nimemwambia ni mchezo wa watu wa huko, kila mtu anapanda, hata wazungu. Nimekasirika na wewe, Guleid, na nimeogopa pia. Andika haraka. Sema ni mzima, anatembea kwa miguu yake.

Na mimi nakuuliza kama dada yako: kuna jambo umelisikia huko ambalo mimi silijui? Kama ni mchezo tu, niambie ni mchezo. Huku mimi sijasikia lolote.

Batula


Al-Quds, 12 Desemba 1966

Hooyo mpenzi, Abaayo Batula,

Assalamu alaykum. Hooyo, nisamehe. Ni upumbavu wangu. Nimewaona Wabedui na wageni wakipanda kila wiki mpaka jicho langu limeharibika, sikukumbuka mnavyosikia ninyi. Nilitaka ucheke, basi. Hakuna kingine chochote nyuma yake.

Barre ni mzima. Anatembea. Jumapili tulikuwa mto Yordani, mahali ambapo Wakristo wanasema Isa alitiwa majini na Nabii Yahya. Wageni huvaa kanzu nyeupe na kushuka kwenye matope wakishikana mikono, wazee kwa vijana, na wengine hulia. Mto wenyewe ni mdogo, Hooyo, Tana ungeumeza bila kujua. Siku hiyo bibi mmoja wa Kigiriki aliteleza akashindwa kupanda ukingo. Barre alishuka akambeba mikononi mpaka juu, akamweka kwenye mkeka, na wala hakuhema. Mtu mgonjwa hawezi kazi hiyo.

Batula, sina habari yoyote. Wallahi sina. Nilikuwa naandika tu, na kalamu ikaenda.

Kula, Hooyo. Barre anasema ule. Mimi pia nasema.

Guleid


Garissa, 10 Februari 1967
Kwa mkono wa Sharifo, anayekwenda Hija

Walaalo Guleid,

Assalamu alaykum. Barua yako ya Desemba ilifika wiki hii. Nilianza kumsomea Hooyo tukiwa wawili tu. Nilipofika kwa yule bibi wa Kigiriki, akaweka mkono wake juu ya karatasi. Akasema, "Inatosha. Chukua kalamu, leo nasema mimi." Nimeandika kama alivyosema. Yeye anasema Kisomali na mkono wangu unakigeuza, kwa hiyo makosa ni yangu.

*Guleid, mwanangu wa kwanza. Barre aliniaga. Ninyi mlidhani nani angemwacha mama yake bila kumuaga? Alikuja kabla ya alfajiri akakaa miguuni pangu, akaniambia anakokwenda. Nilimkataza. Akaenda.*

*Nilimuuliza Batula nione anajua nini. Aliponiambia yuko kwako, nilijua ni uongo, nikaona pia jinsi alivyoogopa. Alikuwa hapati usingizi, anageuka usiku kucha. Nikasema moyoni, mwache aamini kwamba nimeamini. Barua yako ilipofika akaanza kulala. Na mimi nilipenda kusikia, sikufichi. Kila mama humu ndani ya ua ana mtoto ambaye hajui yuko wapi. Wangu mimi alikuwa Betlehemu, anagonga kichwa mlangoni.*

*Kisha ukampandisha ngamia. Nilijua hayuko kwako. Kwa hiyo nikafikiri, Guleid amesikia jambo, hawezi kuliandika wazi, ameniambia kwa njia ambayo mimi nitaielewa na anayefungua barua hataielewa. Nikamtuma Rukiyo awaulize wanawake wanaokuja na maziwa kutoka mbali. Alikaa bila jibu muda mrefu. Jibu lilikuja katika Ramadhani. Barre alipigwa risasi ya tumbo. Wenzake walimweka juu ya ngamia wampeleke kwenye visima vya Dagahaley. Hakufika. Wamemswalia, wamemzika kando ya njia. Ilikuwa mwanzo wa Septemba, siku zilezile ulizokuwa unaandika. Wewe hukujua. Mungu alijua, basi akakushikia kalamu.*

*Sikulaumu. Batula simlaumu, yuko hapa analia anailowanisha karatasi, nimemwambia aandike hivyohivyo.*

*Nataka jambo moja. Usimwandike Barre tena. Umenilisha habari zake mwaka mzima: amekula nini, amelala wapi, blanketi lake. Wewe ndiye uliyelala na blanketi bovu, ukalitaja kwa neno moja ukapita. Kile kikohozi chako cha baridi, bado unacho? Umeoa? Unalia? Nilizaa wavulana wawili na mmoja nimeshamwombea rehema. Niandikie huyu aliyebaki.*

Hayo ndiyo maneno yake. Mimi sina la kuongeza. Nilidhani ninamlinda, kumbe usiku wote ule yeye ndiye aliyekuwa ananilinda mimi.

Batula


Amman, 20 Agosti 1967

Hooyo,

Assalamu alaykum. Huyu ni Guleid.

Maneno yako yalinifikia mwezi wa Mei. Nilikaa kukujibu kila Ijumaa, nikishika kalamu mkono unataka kumwandika Barre kama ulivyozoea, nikaiweka chini. Kisha Juni vita vikaingia Al-Quds. Mtakuwa mmesikia kwenye redio, na najua mmekaa miezi hii hamjui mniweke upande gani, wa walio hai au wa wafu. Nimekuwa nikituma salamu kwa kila anayesafiri, sijui kama kuna iliyofika.

Niko hai. Sina jeraha. Tulitoka na watu wa mtaani kwetu tukateremka Yeriko. Daraja la Yordani lilikuwa limevunjwa, tukavuka juu ya vyuma vyake tukishikilia kamba. Sasa nalala katika darasa la shule pamoja na familia mbili, mimi niko chini ya ubao. Kazi sina, hakuna wageni wanaokuja. Asubuhi nakunywa chai bila maziwa, mchana tunapewa dengu na mkate. Nashiba siku nyingi, si zote. Kikohozi ninacho, lakini hiki ni cha vumbi, kile cha baridi kitaanza Novemba. Kichwani nimeota mvi, nawe utasema nimeanza mapema kama baba. Sijaoa. Yuko msichana mmoja hapa shuleni, anaitwa Lul, babu yake alitoka Berbera. Ananifulia shati na kuniambia nasema sana. Akikubali nitakuandikia, asipokubali nitakuandikia pia. Nataka kurudi nyumbani, Hooyo, hata kama nyumbani ni ndani ya ua wa miba. Sina nauli wala karatasi, lakini nataka.

Uliniuliza kama nalia. Mwaka ule wote sikulia. Niliposoma maneno yako Mei sikulia vilevile, nilikunja karatasi nikaenda kazini nikawaeleza Waswidi habari za Lazaro. Sikuweza kumlilia, Hooyo. Kila nilipokaa na kalamu alikuwa hai, na mimi ndiye niliyemwamsha asubuhi.

Tulipofika ng'ambo ya mto kulikuwa na watu wa msaada wamekaa kwenye meza, wanamuuliza kila anayepita amemwacha nani huko nyuma. Watu walitaja mama zao, watoto wao, wengine walitaja duka au ng'ombe. Zamu yangu ilipofika mzee mmoja aliniuliza kwa upole, "Na wewe, mwanangu, umemwacha nani?" Nikamwambia, "Mdogo wangu." Akashika kalamu akauliza jina, nikalitaja. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi nikalia mpaka jua likahama, na hakuna mtu aliyeniuliza kwa nini.

Mwanao,
Guleid